Email yangu iliacha kunionya, nikadhani imeniheshimu

Wakuu, niaje. Hii imenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Aibu iliyomo inatosha.

Mama Nekesa, jirani yetu hapa Kambi Muru, alipofariki, kamati ya matanga ilinifanya katibu. Eti nilisoma university.

Kazi: kuandika eulogy, yaani wasifu wa marehemu, na kuwatumia jamaa wote kwa email, walio Bungoma mpaka walio ng'ambo, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani.

Ikaja email: "Programu ya mazishi, marekebisho." Mtumaji simjui. Lakini matanga yetu mnayajua. Kila siku anatokea binamu mpya na marekebisho, na ukimuuliza yeye ni nani, umeanzisha vita.

Nikafungua. Document ikaomba ni-enable macros, zile program ndogo zinazojificha ndani yake. Nika-enable. Ukurasa mtupu.

Tangu hapo email yangu ikaacha kunisumbua na maonyo ya macros. Nikaona hatimaye imekubali mimi ni mtu mzima.

Nafula, dada ya mke wangu, hufanya IT security town. Alipita kuchukua eulogy, akachungulia settings za email yangu.

"Shem, nani ameweka hapa macros zote ziruhusiwe?"

"Si mimi."

"Una uhakika?"

"Nafula, hata ringtone niliwekewa na fundi wa Kawangware 56."

Akacheka, halafu akavuta laptop karibu.

"Basi kuna mtu ameingia. Kazini hii setting ikibadilika na si sisi tumeibadilisha, alarm inalia. Umewatumia jamaa chochote?"

"Bado. Narekebisha sentensi ya pili."

"Tangu Jumatatu?"

"Ni sentensi ngumu."

Akazima WiFi. Akanieleza kwamba virusi vingeondoka na eulogy, kwa jina langu. Na nani angekataa kufungua eulogy ya mamake?

Nikainakili kwa mkono, Nafula akaipiga picha na kuwatumia jamaa kwa simu yake. Laptop ikaenda kusafishwa. Mama Nekesa tulimzika vizuri.

Nilichojifunza: jua settings zako zinakaaje zikiwa sawa. Na kitu kilichozoea kukuonya kikinyamaza ghafla, usijipongeze, kaangalie.

Kamati imenishukuru kwa kunihamishia upande wa viti na tent.

Haya, semeni. Nani mwingine hapa amewahi kuheshimiwa na kompyuta yake hivi?