Siku Nilipolimwagia Jini Maji

Nikisikia komwe zikigongana ndani ya mkebe, hata leo, kiganja huniwasha. Ndizo tulizokuwa tukirusha mkekani, kwenye baraza ya kina Zuhura pale Bondeni, ili kujua kama uganga wa mchezo wetu umekubali au umekataa.

Ilikuwa miaka ya sitini, nasi tulikuwa tumehamia juzijuzi kutoka Voi, baba alipopata kazi bandarini. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, safi kabisa, na nilikionea fahari. Zuhura wa nyumba ya pili ndiye aliyekuwa mkubwa wetu na mwenye mchezo. Yeye alisimulia safari ya kwenda pangoni kwa jini, na ndiye aliyekuwa jini lenyewe. Mganga alikuwa na mizizi chungu nzima ya kukariri. Akikosea mmoja, mgonjwa amekwenda. Mchawi alitakiwa atunge maneno yenye vina papo hapo. Mwitaji, kazi waliyopewa wageni, alikuwa na neno moja tu la kuwaita wasaidizi wake.

"Weye 'takupa uwitaji," Zuhura aliniambia. "Ni rahisi. Jini likiya, ndoo! Basi. Lakini ukituharibia, kesho husongei hapa."

Nilielewa vizuri. Majini yameumbwa kwa moto, kila mtoto anajua, na moto dawa yake maji. Nikashangaa kwamba mganga mzima hakuliwaza hilo. Na nilitaka sana kuitwa tena kesho yake, maana tangu tuhamie nilikuwa nikicheza na mdogo wangu tu, naye hata meno hajaota.

Zuhura akavimbisha mashavu, akanguruma. Jini limetoka, linawaka, mganga yuko chini! "Haya, mwitaji!"

Nikachomoka mbio hadi uani kwetu, nikainyakua ndoo ya mama ya maji ya kufulia, nikarudi nayo na kulimwagia jini lote: mkeka, komwe na Zuhura mwenyewe.

Wenzangu walicheka hadi wakagaagaa. "Ndoo ni njoo, we!" mmoja akapiga kelele. "Ulikuwa uite!" Kumbe Kimvita kina mambo yake. Nikasimama na ndoo yangu tupu, nikingoja kufukuzwa.

Zuhura alikamua leso yake polepole, akanitazama, akautazama mkeka.

"Jini limekufa," akasema. "Mwitaji ameliua. Kesho muye mapema."

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mama alinisema kwa ajili ya maji yake, sikujali. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu jinsi nilivyoua jini peke yangu, na bado nasimulia kwa raha zangu. Ila sasa nina wajukuu, nami ndiye mwenye mchezo, na najua jinsi inavyouma kushindwa na mtoto mgeni mbele ya wenzako wanaocheka. Ule uwitaji haukuwa rahisi hata kidogo kwa mtoto wa kuja kama mimi. Jini lilikuwa Zuhura, naye alikubali kufa ili mimi nipate wa kucheza nao.