Siku Nilipomfunga Deo Sebuleni

Ninyi mliokulia kule mlimani miaka ya tisini mwishoni, wakati TV kijijini zilikuwa za kuhesabika, njooni mnisaidie kugomba. Mume wangu na mdogo wake wamebishana wiki nzima kipi bora kwa mtoto, gemu za kompyuta au gemu la TV. Hakuna aliyeniuliza mimi. Na nyumbani kwetu Kibosho tulikuwa navyo vyote viwili.

Gemu la TV lilitangulia. Baba alilinunua mjini kwa Mhindi muuza redio, na kaseti yake ya njano na pedi mbili za kuchezea. Moja ilikuwa ya kaka yangu Deo. Nyingine ilitakiwa iwe yangu, ila kila nikirudi kukata majani ya ng'ombe nilikuta kaishika rafiki yake, halafu naambiwa vidole vyangu vimezoea mundu. Nilikaa pembeni nanuka majani, nakula kiburu kilichopoa, ndizi na maharage yamegandamana. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: nimfunge Deo mbele ya watu.

Krismasi moja, ukoo mzima umepanda mlimani kula sikukuu, baba mdogo akaja na kompyuta iliyostaafishwa ofisini kwake Dar. Ilipewa heshima ya padri. Unavua viatu, unanawa mikono, unacheza peke yako, wenzako wanatazama kisogo chako. Baba mdogo akatangaza kwamba hiyo ndiyo elimu, na Deo akaiacha pedi palepale, akasema gemu la TV ni la watoto. Nikabaki na pedi zote mbili na hakuna wa kumfunga.

Aliyeniokoa ni mama. Kwetu kitu cha sebuleni hakikai uchi: kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa. Wageni walipoanza kuingia, Deo akaiacha kompyuta inawaka, akaenda kuwagawia mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama akaivalisha vitambaa vyake vya kufuma mbele na nyuma, ncha akazichomeka vizuri kwenye vile vitundu vya kutolea joto. Ikakoroma, ikanuka, ikanyamaza. Baba mdogo akaibonyeza kila mahali, haikuwaka. Mama akamtuliza: "Shemeji, iache ipumzike. Imesafiri mbali."

Deo akasogea kwenye TV polepole, hanitazami usoni.

"Anita, nipe pedi moja."

"Omba vizuri."

Akaomba vizuri. Nikamfunga mbele ya baba, mbele ya baba mdogo, mbele ya wazee na mbege zao mkononi. Akanirushia mto wa kochi, nikamrudishia, kelele zikavuka mfereji, mama akaapa ataitupa TV migombani.

Leo mwanangu, hapa Pasua mjini, yuko na kompyuta ya baba yake na madude masikioni. Nikimwita ananiambia nisubiri, yuko na watu. Watu gani, wakati chumbani yuko yeye na kiti? Watu wenyewe sijawahi kusikia hata shikamoo yao. Akishinda hacheki. Akifungwa hanuni, na hana wa kumrushia hata kandambili.

Wanaume wa nyumba hii wabishane watakavyo, mimi ukimya umenichosha. Jana jirani kagonga geti kuuliza kama tumehama.