Spika wa Jikoni

Akikata vitunguu, huegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Katika mchezo wa siasa mtandaoni yeye ndiye Spika, na wabunge wabishi humtii bila kumjua. Hamkemei mtu. Humwandikia pembeni, "Mheshimiwa, watoto hawajambo?" na hasira hunywea. Mbishi kuliko wote huandika "alafu" badala ya "halafu". Kwa hilo alimtambua zamani. Ni mumewe, yuko sebuleni, hana habari. Leo serikali ilining'inia kwenye kura yake, Spika akambembeleza mpaka akakubali. Mume akaja jikoni, meno yote nje.

"Mle kuna mtu ananijali. Kaniuliza hata hali ya watoto."

"Hawajambo, Mheshimiwa," ulimi ukateleza, na kisu kikasimama katikati ya kitunguu.