Zamu ya Zahanati

Mbaruku Mhina alipewa kazi ya kufungulia maji katika kijiji cha Kwemsala, Handeni, mwaka 1974, watu walipokuwa ndio kwanza wamehamia na nyumba nyingi bado ni za fito na nyasi. Athuman aliendesha pampu ya dizeli kisimani. Mbaruku alikaa na spana ya valvu. Jumatatu maji yalikwenda upande wa juu, Jumanne zahanati na jirani zake, Jumatano upande wa bondeni, hivyo hivyo hadi wiki iishe. Kila mtu aliijua zamu yake.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, mama mkwe wake, Bi Chausiku, alikuwa akiandaa arobaini ya marehemu mumewe. Wageni walikuwa wanatoka Makuyuni, na mapipa yake yalikuwa makavu.

"Baba, nitawapikia nini watu hawa?" alimwuliza. "Nao watatawadha kwa mchanga?"

"Mama, zamu yenu kesho."

"Kesho watakuwa wameshafika."

Ilikuwa Jumanne. Saa nane mchana Mbaruku alifunga valvu ya zahanati, akafungua ya bondeni. Alijiambia kwamba pipa la nesi lilikuwa limeshajaa. Hakwenda kulitazama.

Pipa halikuwa limejaa hata robo. Asubuhi yake mama mmoja aliletwa kwa kitanda, uchungu umemshika tangu juzi. Nesi Hosiana, mwenyeji wa Dindira, alimzalisha kwa maji ya madumu mawili aliyoazima kwa majirani. Mama na mtoto walipona. Jioni Hosiana akaenda kwa Mbaruku.

"Kaka, jana maji yalikatika mapema. Kuna nini?"

"Pampu ilisumbua," alijibu Mbaruku.

"Poleni na kazi, basi," alisema Hosiana, akaondoka.

Pole ile ilimkaa rohoni. Usiku alimweleza mkewe, Mwaija. Mwaija akasema, "Ungeniambia mimi, ningemkatalia mama."

Ijumaa baada ya swala kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, aliyesikia kwa nesi, alisema zahanati ilikosa maji kwa sababu ya pampu, na kwamba pampu haiharibiki bila mtu kuizembea. Akamtaka Athuman asimame. Athuman alisimama, mikono bado ina mafuta ya dizeli, akasema pampu ilizunguka siku ile kutwa nzima. Watu wakaguna. Mmoja akasema aondolewe.

Mbaruku alikuwa amekaa nyuma. Akasimama.

"Athuman hana kosa," alisema. "Pampu ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyefunga zahanati nikafungulia kwa mkwe wangu. Nesi nilimdanganya."

Bi Chausiku alijifunika khanga usoni, akaondoka mkutanoni. Mwenyekiti alimwuliza Mbaruku kama ana la kuongeza. Mbaruku akaweka spana mezani.

Mkuu wake wa kazi katika idara ya maji, Bwana Yordani, alitoka Korogwe na gari la mafundi wiki iliyofuata. Alimsikiliza, akaandika, akamwambia, "Kama ungekuja kusema mwenyewe Jumatano ile ile, ningekupa onyo tu. Umengoja mpaka mwenzako anataka kufukuzwa." Akampeleka Kilole kuchimba mitaro ya mabomba kwa miezi sita. Mbaruku alikwenda. Alisema adhabu ilimstahili, ila mgongo wake haukukubali.

Aliporudi, spana ilikuwa kwa mwanamke aitwaye Mwantumu, aliyechaguliwa na kijiji. Mbaruku akawa msaidizi wake, kazi yake kuziba mabomba yanayovuja. Athuman alichukua karibu mwaka mzima kumwitikia salamu vizuri. Bi Chausiku alianza kumletea tena mihogo baada ya mjukuu wake wa tatu kuzaliwa.

Siku mtoto huyo alipozaliwa, Mwaija alihitaji maji ya kuoga na nyumbani hayakuwepo. Mbaruku alimfuata Mwantumu.

"Dada, nifungulie nusu saa tu. Mke wangu amejifungua."

"Hongera sana," alisema Mwantumu. "Zamu yenu Alhamisi. Lakini kwangu kuna ndoo mbili, chukua zote."

Mbaruku alizichukua, moja kichwani na moja mkononi, akarudi nyumbani taratibu asimwage.