Karatasi Niliyomsomea Samuel

Kuna kilima kule India ambacho sijawahi kukikanyaga, wala sitakikanyaga. Kipande cha kilima hicho leo hakipo, na mkono wangu umo.

Sikushika jembe. Sikuendesha tingatinga. Nilikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nimeshika pasi, nanyoosha kanzu za baba mwenye nyumba.

Mtakaonitukana nitukaneni tu, nimeshajitukana sana kabla yenu. Ila someni hadi mwisho.

Naitwa Rosebellah. Kwetu ni Ikolomani, Kakamega, kule watu wanachimba dhahabu hadi nyuma ya choo. Nilikuja Saudia 2013, nikamwacha binti yangu Imali kwa mamangu akiwa na miaka miwili. Nilianzia Riyadh kwa mama mzee mmoja, na mwaka haujaisha akanihamishia kwa binti yake aliyeolewa Jeddah. Huyo binti ndiye Madam wangu.

Sitamsingizia Madam. Makelele alikuwa nayo, lakini nilikula nikashiba, simu aliniachia, na kulala nililala. Shida ilikuwa likizo.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Kabla ya Ramadhani, anaenda kwao mfanyakazi mmoja tu. Akirudi huyo, hatoki mtu, maana wageni wanajaa na futari haijipiki. Aliyebaki atangoja hadi baada ya Idd.

Na wafanyakazi tulikuwa wawili, mimi na dereva.

Dereva aliitwa Samuel. Mhindi, Mkristo kama mimi, miaka hamsini hivi, mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, anayeomba msamaha ni yeye. Alitoka wilaya moja ya vijijini huko Jharkhand, kwenye vilima vya udongo mwekundu. Aliniita Rozi. Tuliongea Kiarabu cha jikoni, tukachanganya na Kiingereza chake cha kuokoteza, na stori zikaenda vizuri kabisa.

Samuel ndiye aliyekuwa akinipeleka Sharafiya kununua kadi za simu. Ndani ya gari, kando ya gia, aliweka jiwe. Lilikuwa jekundu, lina madoa ya duara kama maharagwe.

"Hili nalo ni nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Shamba langu," akasema. "Ni jiwe la kutengenezea sufuria, alumini. Wilaya yetu yote wanalichimba. Kilima cha jirani kimeisha. Chetu bado."

Nikacheka. "Samuel, wenzako wanabeba picha za watoto, wewe unabeba jiwe!"

"Picha ninazo pia," akasema, kwa upole wake ule ule.

Mimi mambo ya machimbo nilikuwa nayajua, tena kwa ndani. Babangu aliwaruhusu watu wachimbe dhahabu nyuma ya nyumba yetu. Shimo likala migomba. Likala jiko. Mvua ya Aprili ikaja, likala kaburi la nyanya. Maji ya kisima yakageuka rangi ya chai ya maziwa, na mamangu mpaka leo hapiti upande ule.

Nawaambia haya ili msije mkanitetea eti sikujua.

Sasa, Aprili 2016. Zamu ya likizo ilikuwa yangu. Madam aliniahidi Mei nzima niwe nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu nije.

Imali alikuwa na miaka mitano. Kwenye simu alikuwa ananiita Aunty. Nilikuwa nasikia mamangu nyuma yake akinong'ona, "Sema Mama, sema Mama," na mtoto anasema tena, "Sasa Aunty." Nilikuwa nachora mistari kwenye katoni ya sabuni, kila siku mstari mmoja, nikingoja Mei.

Asubuhi moja Samuel akaja kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Ndani hakuwahi kuingia, heshima zake. Kofia mkono huu, simu mkono ule.

"Rozi, nisomee. Kiingereza kigumu."

Ilikuwa picha ya karatasi yenye muhuri. Nikasimamisha pasi, nikasoma kimya kimya.

Kampuni inaomba kuchimba kilima chao. Wenye mashamba wote wafike mkutano wa kijiji tarehe 12 Mei. Anayepinga aje mwenyewe aseme. Mwenye shamba asiyefika atahesabiwa amekubali.

Shamba lilikuwa kwa jina la Samuel. Mkewe hangeweza kusema badala yake.

Tarehe 12 Mei! Mimi siku hiyo nilipaswa kuwa Ikolomani.

Nikaona mambo yote palepale. Samuel akijua, atamlilia Madam, na Madam ni mtu wa kuhurumia machozi. Ataenda yeye. Mimi nitabaki hadi baada ya Idd, nikisikia "Sasa Aunty."

"Inasema nini?" akauliza.

Ningependa kuwaambia shetani alinipitia. Hakuna shetani aliyepita. Nilifikiria kabisa, pasi inapumua mvuke kando yangu, halafu nikasema:

"Wanakuja kupima tu. Mkutano wenyewe ni mwezi wa nane. Utakuwa ushafika kwenu."

Samuel akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia tu, kama mtu anayengoja umalizie.

"Mwezi wa nane," akarudia.

"Ndiyo."

"Umesoma yote?"

"Nimesoma yote."

"Shukran, Rozi."

Akavaa kofia, akaenda kuosha gari ambalo alikuwa ameliosha asubuhi hiyo hiyo.

Mchana Madam akanikuta jikoni nasugua sufuria.

"Rosa, umeongea na Samuel?"

Nikadhani ni ile listi ya vitu vya sokoni, maana Alhamisi Samuel ndiye aliyekuwa akienda kununua.

"Naam, Madam. Tumeongea."

"Na wewe unasemaje?"

"Mafi mushkila," nikamjibu. Hakuna shida. "Kila kitu kibaki vilevile."

Akainua nyusi, akaniangalia kidogo, akatoka. Hapo pashikeni, tutaparudia.

Mei nikaenda nyumbani.

Imali alijificha nyuma ya leso ya mamangu siku tatu. Ya nne akaniletea kitana bila kusema neno, akakaa chini, akanipa kichwa nimsuke. Kuanzia hapo kila mara nywele zikilegea ananiletea kitana.

Tarehe 12 nilikuwa nimekaa naye mlangoni, namsuka. Mikono ikasimama yenyewe.

"Mama, mbona umeacha?" akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Mama. Neno nililolingojea miaka mitatu, na sikuweza hata kulifurahia, kwa sababu muda huo huo watu walikuwa wanaitwa majina kwenye mkutano, na jina moja halikuitikiwa.

Kuna swali lilinijia siku ile. Kijiji kizima kinajua tarehe, kingekosaje kumpigia Samuel simu? Jibu lilikuwa karibu sana. Nikaliogopa, nikaendelea kusuka.

Juni nikarudi Jeddah. Samuel akaja kunichukua uwanja wa ndege, akabeba begi, akamuulizia Imali kwa jina. Jiwe lilikuwa palepale kando ya gia. Nilitazama nje ya dirisha hadi tukafika.

Baada ya Idd akaenda kwao. Septemba akarudi amekonda, shati linamning'inia.

Tukielekea Sharafiya, gari limesimama kwenye taa za barabarani, akanipa simu nione picha. Shimo jekundu, mashine mbili ndani, na ukingoni mti wa fenesi, nusu ya mizizi iko hewani.

"Walianza na langu," akasema. "Wengine walifika, wakakataa, bado wanabishana nao. Langu halikuwa na mtu."

"Pole," nikasema.

Hiyo tu. Neno lile lile ninalompa mtu aliyejikwaa.

Kuanzia hapo sufuria za Madam zikawa kesi. Kila nikishika moja naona kilima cha watu. Nilizisugua mpaka zikang'aa, Madam akawa ananisifu mbele ya wageni, na mimi natamani ardhi inimeze. Kusali nilisali, lakini kusali ni rahisi, Mungu hakuwa akiniendesha Sharafiya kila wiki.

Ukaja Aprili 2017. Mama mzee wa Riyadh alitaka kuja kukaa Jeddah, na ndege anaiogopa kufa. Tukatumwa mimi na Samuel tukamlete kwa gari.

Tulitoka Riyadh asubuhi mapema. Kufika jangwani mama mzee kalala kiti cha nyuma, mdomo wazi, na hata akiwa macho masikio yake hayakuwa mazuri. Mbele yetu kukawa na lori la kokoto. Kijiwe kikaruka, kikagonga kioo, ta!

"Usiogope," Samuel akasema, akicheka kidogo. "Hicho si cha kwetu."

Nikaangua kilio. Sikupanga. Machozi yalitoka tu, na maneno nyuma yake.

"Samuel, ile karatasi nilikudanganya. Haikuwa mwezi wa nane. Ilikuwa 12 Mei. Nilijua ukijua utapewa zamu yangu. Nilitaka kumwona mtoto wangu. Shamba lako nimelimaliza mimi."

Hakukanyaga breki. Hakugeuka.

"Najua," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Kabla hujasoma. Binti yangu yuko sekondari ya masista. Alinisomea kwa simu siku moja kabla."

Nikamgeukia.

"Sasa kwa nini uliniletea mimi?"

Akalipita kwanza lile lori.

"Nilienda kwa Madam kwanza. Akaniambia zamu ni ya Rozi, muombe yeye, akikubali, halas, yameisha, utaenda. Ndiyo nikakuletea karatasi."

"Lakini hukuniomba!"

"Nilikuomba, Rozi. Kijijini kwetu jambo zito hatuombi kwa mdomo. Ukimuomba mtu usoni, umemfunga. Atakubali kwa aibu. Kwa hiyo unamwonyesha shida yako, anaiona kwa macho yake, halafu anajibu anavyotaka. Wewe uliona, ukanijibu."

Nikakumbuka Madam pale jikoni. Na wewe unasemaje? Kila kitu kibaki vilevile. Mimi nilidhani tunaongea habari ya nyanya na vitunguu. Kumbe nilikuwa nimekataa mara mbili siku moja.

"Ulinichukia?" nikamuuliza.

"Wiki mbili," akasema. "Halafu nikakuona umeshika ile katoni yako ya mistari. Nikasema, huyu naye ana shida yake."

Angenitukana ningepona haraka zaidi. Nilitaka anitukane. Nililia mpaka mama mzee akashtuka usingizini, akauliza kama kuna mtu amekufa. Samuel akampigia kelele kwamba Rozi ana mafua. Akalala tena.

Mbele kidogo tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Samuel akatoa simu yake, akanipa.

"Nisomee na hii."

Picha yenye muhuri ule ule.

Sasa walitaka sehemu ya juu ya kilima. Huko ndiko mkewe alikojenga upya baada ya shamba kuchukuliwa. Huko ndiko kuna chemchemi, na makaburi ya kanisa, mamake Samuel akiwemo. Mkutano ni tarehe 9 Mei. Na Mei, kama mwaka uliotangulia, tiketi ilikuwa yangu. Imali alikuwa ameshaambiwa.

Nikasoma kwa sauti. Neno kwa neno, hata jina la karani aliyepiga muhuri. Tarehe niliisoma mara mbili. Nilipofika kwenye asiyefika atahesabiwa amekubali, nikarudia sentensi nzima kuanzia mwanzo.

"Shukran, Rozi," akasema.

Akaweka simu mfukoni, akaenda kumnunulia mama mzee chai. Hakuongeza neno, na safari hii nilimsikia vizuri anachoomba.

Tulipofika Jeddah sikuvua hata abaya. Nilienda moja kwa moja kwa Madam.

"Madam, tiketi yangu ya Mei mpe Samuel."

Akaniangalia. "Mwaka jana alikuomba ukakataa. Mwaka huu umeingiwa na nini?"

"Mwaka jana nilikosea."

"Wewe utangoja hadi baada ya Idd. Yakini?"

"Mafi mushkila," nikasema, na safari hii nilijua ninachojibu.

Kumwambia Imali ndiyo ilikuwa kazi. Nilimweleza polepole kwamba kuna baba mmoja nyumba yake inataka kubomolewa, na kwamba Mama atachelewa kidogo. Hakulia. Nikasikia kuku wa mamangu wakipita.

"Sawa, Aunty," akasema, akampa nyanyake simu.

Sikumlaumu. Mambo niliyapanda mwenyewe, na mtoto ndiye anayevuna pamoja nami.

Leo ninapoandika ni tarehe 7 Mei. Samuel yuko kwao. Asubuhi amenitumia picha amesimama kando ya chemchemi, amevaa kofia yake ileile ya udereva. Mkutano ni keshokutwa. Sijui kama kilima kitapona, na nimeshadanganya vya kutosha, sitawadanganya na nyinyi kwamba mambo yatakuwa mazuri.

Jiwe ameniachia. Liko juu ya meza ya kupigia pasi, nalisogeza kila nikinyoosha kanzu.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini nimekinunua kwa shamba la mtu. Kuna watu hawatakuomba kamwe kwa mdomo. Mtu kama huyo atakuja na karatasi, na simu, na swali dogo la kipuuzi ambalo jibu lake analijua. Acha pasi kwanza. Mwangalie usoni, ujiulize amekuja kutafuta nini kwako, halafu umsomee kama ilivyoandikwa.