Mbao za Jeneza

Mume wangu alizikwa ndani ya jeneza lenye alama za tairi. Wajukuu wangu wamesikia hayo kwa watu, wakacheka kidogo. Basi naandika wajue, wasicheke tena.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka mmoja mvua ilikataa kukoma, barabara ya Silibwet ikawa tope tupu. Mume wangu alifanya kazi kwenye shamba la chai la wenyewe tangu akiwa kijana, akilala kwenye nyumba ya kampuni, kwa kitanda cha kampuni. Alipokufa nilisema kitu kimoja kitakuwa chake, na kitakuwa kizuri. Nikanunua mbao za saipras, nyeupe, zimenyooka. Tukaziweka kavu chini ya ghala la mahindi. Fundi alikuwa aje asubuhi, tuzike siku inayofuata.

Alasiri lori la majani likapakia chai ya mlima wote pale senta, kituo tunapopimia majani. Likirudi, likakuta daraja la kijito chini ya boma langu limeoza, mbao zimeanguka majini. Na majani mabichi hayangoji. Yakikaa kwa magunia yanapata joto, yanaungua, kiwanda kinayakataa.

Wanaume waliokuja kwangu kwa matanga wakainuka. Mwenyekiti wa senta, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akaja mpaka mlango wa jikoni.

"Pole tena, mama. Tunaomba zile mbao."

"Hizo ni za jeneza."

"Najua. Lori ipite tu, tutakurudishia. Wewe angalia, mama: marehemu hana haraka. Majani iko na haraka."

Mtu akacheka huko nje. Nilimsikia.

"Na zako za nyumba mpya?" nikamwuliza. "Si zimepangwa hapo nyuma ya kanisa?"

"Hizo zimeshapimwa, mama. Zikiguswa, fundi atanisumbua."

Akawageukia wenzake. "Jameni, chai ya watu wote imwagwe kwa sababu ya mtu mmoja, na huyo mmoja hayuko? Nani anaona mbao zitumike?"

Mikono yote ikaenda juu. Hata ya shemeji yangu, aliyenyonya titi moja na marehemu.

"Yako pia iko ndani ya lori, mama," mwenyekiti akasema. "Ni wewe tunasaidia."

Ni kweli, yangu ilikuwamo. Nikamwambia imwagwe ya kwangu kwanza. Walikuwa wameshabeba.

Lori likapita juu ya mbao zangu, watu wakapiga makofi. Mbao nyingine zilivunjika, nyingine zikaingia tope mpaka ndani ya nyuzi. Asubuhi fundi akaunga vipande, akapiga randa, lakini tairi lilikuwa limekaa kwa kifuniko kama mtu amechora. Akataka kukigeuza, alama ziangalie ndani.

"Wacha," nikasema. "Ziwaangalie hao waliozitia."

Kaburini mwenyekiti ndiye aliyeomba. Akamshukuru Mungu kwa ndugu yetu huyu, ambaye hata baada ya kufa amesaidia jamii. Wote wakasema amina. Amesaidia! Mtu husaidia akiulizwa. Huyu hakuulizwa, na mimi niliyeulizwa nilikataa.

Majani yalipokelewa kiwandani, bonasi ikaja, kila mtu akapata yake. Mbao hazikurudishwa. Nikikumbusha, naambiwa, "Mama, hiyo ilikuwa ya watu wote, sasa nani alipe?" Walipoamua walikuwa wengi. Wakati wa kulipa sikumwona hata mmoja.

Kabla ya Krismasi mwenyekiti akamaliza nyumba yake, akaalika kanisa tuiombee. Nilienda. Nikakaa kwa kiti, nikaangalia dari kutoka pembe moja hadi nyingine, ubao kwa ubao.

Mke wake akaniletea chai. "Unaonaje nyumba yetu, mama?"

"Mbao nzuri," nikasema. "Hakuna tope."

Mwenyekiti alikuwa karibu, akasikia. Akaanzisha wimbo.