Magari Mawili ya Kijerumani na Bidoni Moja

Nyumbani kwetu Buyenzi kuna magari mawili ya Kijerumani. Koksineli ya babu, yenye mgongo wa kobe, ilizaliwa kabla ya baba yangu. Benz ya baba mdogo ni ya miaka ya themanini: ndefu, nyeusi, nzito kama kabati la bibi. Babu hujisifu kwamba yake haina hata rejeta ya kubembelezwa kwa maji. Baba mdogo humjibu, kwa adabu zote, kwamba hata cherehani haina rejeta. Siku moja niliwashauri wayatundike yote mawili ukutani kama picha za marehemu. Nilikula makofi mawili, moja kwa kila gari.

Dada alipotaka kuolewa, ubishi ukapata kazi: nani atampeleka ukumbini? Dada, aliyewachoka wote wawili, alisema atapanda litakalowaka Jumamosi. Mjini mafuta yalikuwa yamepotea, watu walilala foleni. Koksineli ilibaki na matone. Tangi la Benz lilikuwa kavu kabisa, ila nyuma ya kiti baba mdogo alificha bidoni moja ya njano, dumu zima la mafuta.

Ijumaa, wakubwa wakiwa msikitini na mimi nikisingizia tumbo, niliimimina bidoni yote ndani ya Koksineli. Nilitaka babu ashinde. Sawa, nilitaka zaidi kuiona sura ya baba mdogo.

Jumamosi dada alitoka na hina mpaka viwikoni. Babu akawahi kutia ufunguo. Koksineli ikawaka, nikacheka. Ikaenda hatua kumi hivi, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uliomfunika shangazi pamoja na vigelegele vyake, ikazima.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kwenye Benz yake. Akarudi ameipindua bidoni chini juu. Haikutoka hata tone.

“Mazutu yangu iko wapi?”

Mazutu. Mi nilijua mafuta ni mafuta. Kwamba kobe wa babu anakunywa esansi, hiyo petroli, na Benz inakunywa mazutu, hiyo dizeli, hakuna aliyenifundisha, na shuleni wananifundisha mpaka mito ya Ujerumani. Dada alikuwa analia kimyakimya, wanja unashuka. Mama mkwe wake alishasema watu wa kwetu wanachelewa hata kwenye chakula.

Babu akafungua boneti ya mbele, kule liliko tangi, akachovya kidole, akanusa. Kisha akaitazama mikono yangu. Nikaificha mifukoni mwa suti. Nilingoja anitaje. Alisema tu tusukume.

Baba mdogo akang'ang'ania Benz kwanza. Wanaume wanane waliisukuma, haikutoka hata kwenye kivuli chake. Koksineli, watu wanne tulitosha, dada akiwa ndani. Hivyo babu alishinda, kwa wizi wangu, na mimi ndiye sikuweza kucheka.

Babu alishika usukani, akatoa kichwa dirishani.

“Sukuma, mujukuu. Leo we ndiyo esansi.”

Bega kwa bega na mimi alikuwa baba mdogo, jasho linamtiririka. Baada ya hatua chache akaanza kunusanusa hewa.

“Kuna kitu kinanuka mazutu hapa.”

“Apana, baba mdogo. Ni uzee wa gari.”

“Uzee wa nani?” babu akauliza kutoka mbele.

Zilikuwa zimebaki avenyu tatu kufika ukumbini.